Tuna nyumba Chanika, tunapanga Ilala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi, na naomba usinipunguzie sana maneno, maana jambo lenyewe lina mkia mrefu. Hivi karibuni ulichapa barua ya msomaji aliyewashangaa vijana waliooana ambao bado wanapanga mjini wakati viwanja vya nje ya mji vipo na vinauzwa. Alisema tunalipia sifa ya kukaa karibu na Kariakoo. Niliisoma nikiwa nanyonyesha, nikalikunja gazeti, baadaye nikalikunjua nikaisoma tena.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali. Mume wangu ni fundi simu, ana meza yake Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Tulifunga ndoa 2022. Tuna nyumba yetu Chanika, nje kabisa ya mji, vyumba viwili na sebule, imepauliwa na ina milango. Na tunaishi Ilala Bungoni, chumba na sebule cha kupanga, choo tunachangia na wapangaji wengine watatu. Anayetaka kucheka acheke hapa kabla hatujaendelea. Mama mkwe wangu alishacheka, kisha akalia, sasa amenyamaza.

Kiwanja mume wangu alikinunua 2021 kabla hajanioa, hatua 20 kwa 20, karatasi zikasainiwa ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya majirani wa pande zote nne. Ujenzi ulikwenda kama unavyokwenda kwa watu wa kipato chetu: mwezi huu tofali hamsini, mwezi ujao mifuko miwili ya saruji, mwezi unaofuata hakuna kitu. Simu zikiharibika sana Kariakoo, ukuta unapanda. Mwisho wa 2023 tulikuwa tumefunga lenta, na hapo hapo kodi yetu ya Ilala ikawa imeisha. Mwenye nyumba alitaka miezi sita, 150,000 mara sita, na mkononi tulikuwa na 900,000 kamili. Ama tulipe nusu mwaka mwingine, ama tununue bati. Tukanunua bati.

Tulihamia Januari 2024. Dari hakuna, madirisha tumeyaziba kwa wavu na mbao, umeme tumevuta kwa jirani, bomba la maji lilikuwa halijafika mtaa wetu, kwa hiyo tunanunua maji ya kisima yenye chumvi na ya kunywa tunayabeba kutoka mjini. Lakini ilikuwa yetu. Usiku wa kwanza mume wangu alizima taa ya kuchaji akaniuliza, "Unasikia?" Nikamwambia sisikii kitu. Akasema, "Ndiyo hicho."

Sitaki mtu adhani naidharau Chanika. Pale nilipanda mchicha nikavuna baada ya wiki tatu. Jirani yangu, mama mtu mzima, alikuwa ananiwekea maziwa ya ng'ombe wake bila kunidai, akiniona nimechelewa anakuja na tochi kunipokea njiani. Jumapili upepo unapita kwenye mikorosho, unalala mchana kama mtoto. Tatizo Jumapili ni moja tu kwa wiki.

Siku nyingine sita simu yangu ilikuwa inalia saa 9:15 usiku. Nawasha jiko, nabandika chai na viazi, naoga, napiga pasi ya mkaa nguo za watu wawili, nafunga chakula cha mchana kwenye vikopo. Mume wangu alikuwa anaamka saa 10 kasorobo, anavaa, anafunga geti. Simlaumu, ndivyo tulivyolelewa wote wawili, lakini naomba lizingatiwe, kwa sababu wanaume wakikaa kijiweni kusifia kuhamia kwako huwa wanahesabu usingizi wao. Saa 10:30 alfajiri bodaboda yupo mlangoni, tunapanda wote wawili, mshikaki. Najua hairuhusiwi. Dakika kumi na tano za mchanga hadi stendi, halafu daladala, Pugu Kajiungeni, Gongo la Mboto, Banana, Tazara. Daraja la Mfugale lilipofunguliwa 2018 liliondoa ile adhabu ya taa za Tazara na sisi wa barabara ile tunashukuru, ila kwangu mimi foleni ilikuwa imeshanimaliza zamani, huko Gongo la Mboto. Saa 12:30 nashuka, nakimbia, maana mwalimu wa awali hana ruhusa ya kuchelewa. Mzazi anayeacha mtoto wa miaka minne getini lazima aone sura ya mtu anayemjua.

Jioni ndiyo kazi. Wasomaji wa Gongo la Mboto, Mbagala na Mbezi wanajua neno kugeuza, wengine niwaeleze. Ukisimama Buguruni kusubiri gari la Chanika halikubebi, linakuja limejaa kutoka Kariakoo, konda ananing'inia mlangoni. Kwa hiyo unapanda gari linalokwenda upande usioutaka, unarudi nalo hadi linakoanzia, unatulia kwenye kiti wakati wenzako wanapigana vikumbo mlangoni na vijana wanaingilia dirishani, halafu unageuka nalo. Unalipa nauli mara mbili na unatumia dakika arobaini kurudi nyuma ili uweze kwenda mbele. Natoka shuleni saa 10:30 jioni, nafika nyumbani saa 2 usiku. Saa tatu na nusu, Ndugu Mhariri. Kuna jioni nilikuwa nimesimama ndani ya gari Gongo la Mboto, mkono mmoja juu, mkoba katikati ya miguu, treni ya umeme ikapita na taa zake. Treni ile tangu 2024 inamfikisha mtu Morogoro, kilomita 200 hivi, kwa muda usiofika saa mbili. Niliwaza kwamba abiria wake anaweza kuwa nyumbani Morogoro anakula ugali kabla mimi sijafika Pugu. Nilicheka peke yangu, na dada aliyekuwa amekaa pale akanitazama vibaya, akadhani namcheka yeye.

Nikijumlisha asubuhi na jioni ni saa tano na nusu kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni saa 143. Mume wangu, anayependa hesabu, aliigawanya kwa 24 akapata karibu siku sita nzima, mchana na usiku, kila mwezi, tukiwa ndani ya gari au tunalisubiri. Na hiyo ni kwa kila mmoja wetu.

Sasa pesa. Bodaboda ya asubuhi 2,000. Daladala kwenda na kurudi, watu wawili, kama 4,000, bila ya kugeuza. Usiku kila mtu anarudi na muda wake, kwa hiyo bodaboda mbili, 3,000. Hiyo ni 9,000 kwa siku, 234,000 kwa mwezi. Kodi tuliyoikimbia Ilala ilikuwa 150,000. Nilipomwonyesha mume wangu karatasi hii alisema nimesahau kwamba kodi inapotea na nyumba inabaki. Nikamwuliza nauli inabaki wapi. Hakujibu, na mimi sikusisitiza, maana usiku ulikuwa umeenda.

Kilichonivunja hata hivyo hakikuwa pesa. Siku moja ya Alhamisi niliwapa watoto karatasi wachore samaki. Nikakaa kwenye kile kiti chao kifupi, magoti yakiwa karibu na kidevu, nimnolee mmoja penseli. Nilichokisikia baadaye ni ukimya, na darasa la awali likiwa kimya ujue kuna jambo. Nilifumbua macho nikakuta sweta dogo la kijani limewekwa begani kwangu, na watoto ishirini na wawili wamekaa wanachora, mmoja amesimama mbele yao kaweka kidole mdomoni: "Mwalimu kalala." Mlangoni alikuwa amesimama mwalimu mkuu. Hakunigombeza. Aliingia, akaanza kuangalia samaki wa watoto mmoja mmoja, akawasifu. Afadhali angenigombeza.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi mitatu na nilikuwa sijamwambia mtu shuleni. Ilipofika mitano miguu ilikuwa inavimba hadi viatu natembea nimevikanyaga visigino. Nesi wa kliniki aliniuliza kwa siku nasimama muda gani. Nilimwambia darasani si sana. Akauliza tena, na njiani? Kuna makonda wenye utu, sitawasema wote, wapo waliokuwa wanapiga kelele "Mpisheni mama mjamzito, jamani!" na mtu anapisha. Lakini saa 11 jioni kila aliyekaa amechoka kama wewe, wengine wanajifanya wamelala, na mimi nilishawahi kujifanya nimelala, kwa hiyo nitamlaumu nani?

Tukarudi mjini Januari 2025. Kupata chumba kulituchukua wiki tatu na madalali wanne, kila mmoja anataka pesa yake ya kukuonyesha hata kama alichokuonyesha ni banda. Hiki cha Bungoni ni 180,000. Miezi sita ni 1,080,000, ongeza mwezi mmoja wa dalali, 1,260,000 kwa mkupuo. Pesa hiyo hatukuwa nayo. Nilibadilishana zamu kwenye mchezo wetu wa kupeana pesa na walimu wenzangu wawili, mume wangu akauza mashine yake moja ya kupulizia hewa ya moto. Nyumba ya Chanika tumempangisha kijana na mkewe kwa 70,000. Yeye analipa kwa miezi mitatu, maana tuliapa hatutamfanyia mwenzetu tuliyofanyiwa.

Hapa ndipo namjibu yule msomaji. Yeye anadhani uamuzi ni kati ya bei mbili, ya Ilala na ya Chanika. Kumbe tofauti kubwa ipo kwenye namna ya kulipa. Nje ya mji unalipa kwa tofali hamsini hamsini. Ukikwama mwezi mmoja ukuta unakusubiri, hautembei. Mjini unatakiwa uje na zaidi ya milioni mkononi siku moja, na baada ya miezi sita uje nayo tena. Kijana anayepokea mshahara wake mwisho wa mwezi angeweza kabisa kulipa 180,000 kila mwezi. Asichoweza ni kuzilipa sita pamoja. Basi anakwenda anakoruhusiwa kulipa kidogo kidogo, na analipa kweli: 9,000 ya nauli kila siku, saa tano na nusu kila siku. Hakuna dalali anayemwandikia risiti ya hizo. Tuliponunua bati ile Desemba tulijiona tumeshinda. Tulikuwa tumekosa 900,000 ya pili, basi.

Mjini nako si peponi, nisije nikaonekana namsifia mwenye nyumba wangu. LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja kwa wapangaji wanne, na kila ikiisha kabla ya wiki inaanza kesi ya nani ana jagi la umeme. Juzi dada wa chumba cha mbele alizima swichi kubwa saa 3 usiku kwa hasira, tukakaa gizani wote, na yeye mwenyewe gizani. Baa ya nyuma inafunga muziki ikipenda. Na mvua kubwa zikinyesha, barabara ya pale Jangwani inafungwa kama kawaida, kwa maji ya Msimbazi, mto unaoanzia kule kule milima ya Pugu niliyokuwa naipita kila alfajiri. Yaani maji ya kule yanafika mjini haraka kuliko mimi.

Lakini nisikilizeni jambo moja. Mtoto wetu sasa ana miezi minane. Likizo ya uzazi ni siku 84, nikazimaliza nikarudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha atoke kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Mwalimu mkuu wangu anaifuata bila kunung'unika. Saa 4 kamili kengele ya uji ikilia natoka getini, nakata nyuma ya maduka ya mkaa, dakika kumi na mbili niko kwa mama anayemlea mwanangu. Mtoto ananiona tangu mlangoni anaanza kurusha miguu. Ananyonya, anacheua, namfuta, namrudisha, dakika kumi na mbili nyingine niko darasani na watoto bado wanaosha vikombe. Kwa mama wa Chanika anayefanya kazi Ilala sheria hiyo hiyo ipo, haki ile ile, saa mbili zile zile. Azitumie wapi? Saa mbili hazimtoshi hata kufika. Anakamua maziwa chooni anayamwaga. Nawajua wawili wanaofanya hivyo, mmoja tulikuwa tunapanda gari moja.

Najua serikali inajenga barabara, na sina ugomvi nazo. Watu wa Kimara wanajua tofauti iliyoletwa na mabasi ya mwendokasi tangu 2016, pamoja na malalamiko yao yote ya kusubiri kituoni. Njia ya mwendokasi ya Barabara ya Nyerere inaishia Gongo la Mboto. Chanika iko mbele ya hapo, na mbele ya Chanika watu wanaendelea kununua viwanja, na mbele ya hao wengine. Sensa ya 2022 ilituhesabu Dar es Salaam milioni 5.38, kutoka milioni 4.36 mwaka 2012. Milioni moja ya watu katika miaka kumi wamelala wapi? Nenda Kajiungeni saa 11 alfajiri utawakuta wamesimama. Ukijenga barabara hadi alipo mtu wa mwisho, kesho mtu wa mwisho atakuwa mbele zaidi.

Ndiyo maana nilifurahi kuona Magomeni Kota, familia 644 zilizokuwa zinaishi kwenye kota za zamani zikirudishwa pale pale 2022, kwenye ghorofa, badala ya kusogezwa pembezoni. Nikipita pale na daladala huwa naangalia nguo zilizoanikwa kwenye vibaraza vya juu. Mtu anaanika kanga zake Magomeni, anashuka ngazi, yuko kazini. Sisemi kila mtu apewe ghorofa. Nasema wanaopanga jiji wakikaa na kalamu zao, waandike na saa za njiani. Na wabunge wetu wanaogusia kila mara suala la kodi ya miezi sita na ya mwaka wasiishie kuligusia, maana sisi wengine hatuhitaji nyumba ya bure wala ya bei ya kutupa, tunahitaji kulipa kwa mwezi kama tunavyolipwa.

Mume wangu hakubaliani na mimi kwa asilimia mia, na kwa kuwa nimemtaja sana ni haki nimpe nafasi. Yeye anasema bado nguvu anazo, na kwamba mtu anayepanga anapanga na maisha ya mwenye nyumba: akiamua kuuza, wewe unatafuta tena dalali. Anasema mtoto akifika darasa la kwanza anataka akue mahali penye uwanja wa kukimbia na siyo kwenye ujia wenye ndoo za watu wanne. Hapo sina jibu zuri. Nilimwambia basi turudi huyo mtoto akishaacha kunyonya. Akasema ikifika hapo utakuwa na mwingine. Tukacheka, ila hakuna aliyekuwa anatania.

Kodi yetu inaisha mwezi ujao. Mwenye nyumba ameshapita, amekaa kwenye stuli, amekunywa maji, amesema vitu vimepanda, safari hii ni 200,000. Mara sita.

Jumapili mume wangu alikwenda Chanika kuangalia nyumba, ana desturi hiyo mara moja kwa mwezi. Alirudi jioni na mapapai matatu kutoka kwenye miti aliyoipanda mwenyewe nyuma ya jiko, na salamu kutoka kwa yule mama wa maziwa, na habari kwamba mafundi wanachimba mtaro wa bomba la maji, wamefika nyumba ya tatu kutoka kwetu. Aliyasema hayo huku akivua viatu, hakuniangalia. Akayapanga yale mapapai mezani moja moja, akaenda kumbeba mtoto. Mimi nikachukua kisu.

Mama Zawadi,
Ilala Bungoni, Dar es Salaam